Heda Inayokosekana kwenye Mkono wa Mama

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza! Kompyuta kuukuu niliyopewa na bosi imewaka. Feni yake inakoroma, lakini imewaka. Nimeiweka kwenye meza ya jikoni, nikashusha programu zote za mkono wa roboti kutoka mtandaoni, kule mdogo wangu alikozihifadhi. Nikafuata maelekezo yake neno kwa neno. Nikabonyeza. Maandishi yakashuka mbio, nikaanza kutabasamu — halafu mstari mwekundu. Heda haipo. Hakuna faili wala folda kama hiyo.

Heda ni nini tena? Mimi ni fundi wa printa. Karatasi ikikwama naitoa, rola ikichakaa naibadilisha. Mkono wenyewe nimeuunda mimi, kwa mota na reli za printa zilizokufa, na hadi leo hakuna skrubu iliyolegea. Lakini akili ya mkono aliiandika mdogo wangu, na mdogo wangu ameenda kwenye kazi yake mpya, mji mwingine, na laptopu yake iliyokuwa ikiuendesha kwapani. Kumpigia simu? Hapana. Aanze yeye.

Mama ameuliza Mkwe anarudi lini. Ndivyo anavyouita ule mkono. Anasema ana mabinti wawili na hakuna aliyemletea mkwe, basi huyu wa chuma atatosha. Tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia umelala, na wa kushoto una nguvu ya kubonyeza kitufe tu. Akibonyeza, Mkwe anachota supu na kumpelekea kijiko mdomoni. Alikuwa anamaliza bakuli. Nikimlisha mimi anakula vijiko vichache, kisha anageuzia uso ukutani. Anasema ameshiba. Hajashiba. Anakonda.

Jumanne, 5 Machi

Nimesoma wakati wa chakula cha mchana, karakana ikiwa kimya. Heda, kwa ninavyoelewa, ni faili fupi linalosomwa kabla ya yote, linaloitajia programu vitu itakavyovihitaji. Likikosekana, programu haijengeki, yaani maandishi hayageuki kuwa kitu cha kuendesha mkono. Sawa. Ile ya jana ilikuwa imo ndani ya pakeji, furushi la programu, ambayo sikuiweka. Nikaiweka. Kosa likaondoka! Nikapiga makofi peke yangu.

Likaja jingine. Heda nyingine, haipo vilevile. Nikauliza kwenye jukwaa la watu wa roboti mtandaoni. Mmoja akajibu kwamba hiyo heda haishushwi popote, kompyuta inaitengeneza yenyewe wakati wa kujenga.

Sasa kama inaitengeneza yenyewe, inanililia mimi nini?

Akasema nijenge tena bila kugusa kitu. Nikaona ananifanyia utani. Nikajenga tena bila kugusa kitu. Ikapita! Nimekaa nikaitazama ile skrini kama mtu aliyeibiwa na kurudishiwa. Eti pakeji moja ilikuwa inaidai heda kabla ya mwenzake kumaliza kuitengeneza. Mara ya pili ikaikuta tayari. Kwa hiyo jambo lilelile ni kosa, na si kosa. Printa haina tabia hizi.

Jumatano, 6 Machi

Ya tatu. Inaitwa vipimo. Hii haiko kwenye pakeji yoyote, na nimejenga tena na tena mpaka feni ikanuka. Nimeitafuta mtandaoni — dunia nzima hakuna mwenye nayo. Yule wa jukwaani kaniambia nisome maelekezo. Nimeyasoma jamani! Karibu nimjibu vibaya.

Mama: vijiko vitatu.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimejiona mjanja. Kama kompyuta inalilia faili linaloitwa vipimo, si niipe? Nikatengeneza faili tupu, nikalipa jina hilo, nikaliweka pale pale linapotafutwa. Kosa la heda likatoweka. Ushindi — kwa muda wa kupumua mara moja. Yakamwagika makosa mengine, skrini nzima nyekundu, yote ya namna moja: kimo cha mdomo hakijatajwa, upande wa mdomo haujatajwa, muda wa kusubiri haujatajwa, kasi ya kijiko haijatajwa.

Mdomo?

Ndipo nikaelewa. Hii si heda ya watu wa roboti. Ni Mama. Mdogo wangu alimpima Mama, akaviweka vipimo vyake kwenye faili la peke yake. Kila kitu amekiacha kule mtandaoni isipokuwa hicho. Nimepekua na kukuta ameandika kabisa, kwa makusudi, kwamba faili hilo lisipakiwe kamwe.

Nimewaka. Kwa nini anifanyie hivi? Au ndiyo adhabu?

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwandikia. Nimefuta, nimeandika upya, mwisho nikatuma mstari mmoja: naomba lile faili la vipimo. Bila salamu.

Akajibu nikiwa bafuni, ndiyo kwanza nimeanza kufua. Faili lenyewe, na maneno: "Vipimo vya Mama si vya kupakia mtandaoni watu wavione. Ni mwili wake. Shikamoo dada."

Nimebaki na simu mkononi na povu limenijaa. Wiki nzima namtukana moyoni. Siku ile tulipogombana nilimwambia kwamba yeye anajua namba tu, anayemjua Mama ni mimi ninayemwogesha na kumgeuza. Akafunga sanduku lake.

Nimelifungua faili. Ni fupi. Kando ya kila namba ameandika maelezo. Kando ya muda wa kusubiri: "Kijiko kisimame kwanza. Mama anapenda kufungua mdomo mwenyewe." Kando ya kasi: "Usiharakishe, hana basi la kuwahi." Nimecheka, halafu nikalia. Sijamwambia. Nimemjibu "marahaba" tu.

Jumapili, 10 Machi

IMEJENGEKA! Asilimia mia, hakuna nyekundu hata moja. Nimebeba kompyuta mpaka chumbani kwa Mama, nimeunganisha nyaya, nimemkalisha kwenye kiti chake cha magurudumu na kumfunga kitambaa shingoni. Nilivyokuwa na furaha, nikamkabidhi kitufe kama cheti.

"Karibu nyumbani, mkwe wangu," Mama akasema. Akabonyeza.

Mkwe akachota, akapanda taratibu, vizuri kabisa — akapita mdomo. Akapita pua. Kijiko kikasimama mbele ya macho ya Mama na kusubiri kwa adabu, kama Mkwe alivyofundishwa. Kisha kikainama. Supu usoni yote! Mama alicheka mpaka nikaogopa atapaliwa. "Kasafiri kasahau njia," akasema.

Nimempigia mdogo wangu, sauti kwa sauti, mara ya kwanza tangu aondoke. Nikamwambia faili lako lina makosa. Akasema halina. Nikasema kijiko kimefika machoni. Akasema alipima mwenyewe, kwa rula, siku tatu tofauti. Nikasema basi ulipima mtu mwingine. Akasema nipime tena, nimpe namba.

Mchana nimemlisha kwa mkono wangu. Akageukia ukutani.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepima. Faili linasema mdomo uko sentimita thelathini na moja juu ya meza. Rula yangu inasema ishirini na nne. Na uko kushoto zaidi kuliko ulivyoandikwa.

Sielewi. Labda meza? Nimepima meza, ni ileile. Kiti? Magurudumu yake yamejaa upepo. Labda reli za mkono zimepinda — nimezikagua zote, zimenyooka. Labda kompyuta inasoma faili jingine lenye jina hilohilo? Nimetafuta, liko moja. Nimefuta kila kitu kilichojengwa, nikajenga upya kuanzia mwanzo, nikaona nyekundu ya Jumanne, nikajenga mara ya pili, ikapita. Nikajaribu kijiko kikiwa kitupu. Machoni tena, palepale.

Kazini bosi ameniuliza mara mbili kama naumwa. Nimefunga rola ya mteja kinyumenyume.

Jumatano, 13 Machi

Mdogo wangu amesema nimpige Mama picha kwa ubavuni, akiwa ameketi, kisha nimtumie. Nikatuma kabla ya supu ya jioni. Naye akanitumia yake, aliyoipiga siku ile ya kupima. Kiti kilekile, dirisha lilelile, gauni lilelile la maua.

Kwenye picha yake shingo ya Mama imesimama, kidevu juu, anamtazama mpiga picha kama anayemdai majibu. Kwenye yangu amelalia upande wa kushoto. Bega limeshuka. Kidevu kinakaribia kugusa kifua.

Simu ikalia. "Dada, ameanza kuinama tangu lini?"

Nikasema leo amekaa vibaya tu. Nikasikia ninavyosema. Anayemkalisha kila asubuhi ni nani? Upande wa kushoto nimeweka mto, halafu nikaweka mwingine, nikidhani ule wa kwanza umebonyea. Nimeunyoosha ule mto sijui mara ngapi, na kila mara nikaulaumu mto.

"Dada, tangu lini?"

"Sijui."

Akawa analia, na mimi hivyo hivyo. Hakunilaumu. Bora angenilaumu. Amesema anakuja na basi la kesho asubuhi, twende wote kwa daktari, mazoezi yaanzwe upya, Mama atarudi wima. Akasisitiza nisiguse ile namba. "Usimshushie, dada. Ukimshushia atazoea huko chini."

Mama amesikia yote, simu yangu inapiga kelele. Akasema polepole, neno moja moja: "Mnabishana nini nyie? Mimi nina njaa. Mwambieni Mkwe mdomo uko huku chini."

Basi nimemzima Mkwe kwanza, nimeketi ukingoni mwa kitanda, kompyuta magotini, faili la vipimo liko wazi, na daftari hili pembeni. Nikiweka ishirini na nne, najenga, dakika chache tu, na Mama anakula sasa hivi, kwa kidole chake, mpaka bakuli liishe. Nikiiacha thelathini na moja, leo atakula vijiko vitatu vyangu na kugeukia ukutani, na ana nguvu gani huyu za kumsubiri mtu wa basi? Mdogo wangu ana haki. Mama ana njaa. Sijui. Kwa kweli sijui.

Nimefuta thelathini na moja. Mahali pake hapana kitu bado. Supu inapoa. Mama ameshabonyeza kitufe. Anabonyeza tena.