Asilimia za Kufika Malindi

Jumatatu, 10 Novemba

Nimefunga barafu za kuuza tangu alfajiri. Siwezi tena kuinama kwenye friza, kwa hiyo nimekaa kwenye kigoda na kusukuma mifuko kwa mguu. Jilo akaniona akacheka. Nikamwambia basi aifunge yeye. Papo hapo akakumbuka ana vipindi shuleni. Mume wangu ana bahati, vipindi vyake huanza anapovihitaji.

Kliniki leo. Nesi amerudia yale ya wiki iliyopita, safari hii bila kutabasamu. Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia. Mtoto hawezi kupita. Nitapasuliwa Malindi, na nitoke hapa kabla ya wikendi, nikakae karibu na hospitali. Nisingoje uchungu. Nisingoje damu. Damu ikianzia hapa Garsen, alisema, hatutakuwa na la kukufanyia. Nimeandika maneno yake kama yalivyo kwa sababu kila nikiyakumbuka nayapunguza makali.

Tumeshapatana na Omari, jirani yetu mwenye gari aina ya Probox. Alhamisi asubuhi.

Jioni Buya, ndugu yangu aliyeko Madogo, amepiga simu. Mto umepanda, umeingia kwenye migomba. Sisi wa huku chini habari za maji tunazipata hivyo, kwa ndugu wa juu. Yakishapita kwao, kwetu ni kuhesabu siku. Naogopa, na sijamwambia mtu.

Jumanne, 11 Novemba

Shemeji Komora amekuja kutoka Mombasa. Ndiye kaka mkubwa wa Jilo, mwenye biashara bandarini, aliyewasomesha wote wa nyumba hii. Amekuja na gari jipya la umeme. Rangi ya lulu. Halina mlio hata kidogo. Mbuzi wa jirani walikuwa wamelala njiani, hawakuinuka, maana hawakujua kama kuna gari. Mama mkwe alizunguka mlango akitafuta kitasa. Vitasa vimefichwa, hujitokeza vyenyewe vikitaka. Watoto wa mtaa mzima wamefika kuviona vikitoka.

Amekuja kunipeleka Malindi. "Shemeji yangu hawezi kwenda kujifungua na Probox," alisema mbele za watu. Jilo akavimba kichwa kama gari ni lake.

Nimelikalia. Kiti kinapoza mgongo kisha kinakukanda. Sikutaka kushuka. Kwenye skrini mbele pameandikwa chaji, asilimia hamsini na nane. Komora anasema Malindi haiwezi kula zaidi ya thelathini. Nimefurahi. Leo nitalala.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua.

Nilidhani tutaondoka leo. Mama mkwe akasema haiwezekani. Katika ukoo huu kitu kikubwa kikinunuliwa, wazee hukigusa kwanza, hasa kikiwa kinaenda kubeba mgonjwa. Kwa hiyo Bibi wa Kulesa, mkubwa wa ukoo, lazima akione. Hakuna aliyebisha. Mimi pia sikubisha. Mkaza mwana abishe nini?

Wakaenda Kulesa, shangazi watatu nyuma, matope hadi kwenye taa. Bibi akaliona gari, akalitemea mate ya baraka, halafu akasema na yeye apandishwe. Akazungushwa. Akasikia ubaridi, akakataa kushuka mpaka amalize tasbihi yake ya malalamiko. Wamerudi na asilimia arobaini na sita.

Komora amechomeka waya kwenye soketi ya friza, ndiyo pekee yenye nguvu. Swichi kubwa ikajizima. Akasema tuzime friza. Tukazima. Barafu yangu yote imekuwa maji, na gari limeongeza asilimia tatu. Nimekasirika. Nimemwambia asante shemeji.

Alhamisi, 13 Novemba

Omari alikuja asubuhi. Alikuwa ameliosha gari lake, ameng'oa viti vya nyuma na kutandika godoro. Amesimama mlangoni na ufunguo mkononi.

Jilo alimwambia hatutamhitaji tena. Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. Omari akanitazama mimi. Nikatazama mchanga.

"Mama, hiyo barabara najua mimi," akasema. "Maji yakikuja ile pahali ya chini inafunga. Enda leo. Na hii gari ama na ile, lakini leo."

Komora akamwambia tutaondoka kesho, mchungaji akishatuombea. Omari akaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Sikulala mchana. Tumbo linakaza na kuachia.

Ijumaa, 14 Novemba

Kanisani. Tulikuwa tuombewe na kuondoka. Mchungaji aliomba kwa kirefu, injini imewashwa, au niseme baridi imewashwa, maana injini haipo. Kwaya ikaimba ikilizunguka gari. Wazee wa kanisa walitaka kukaa ndani, wawili wawili. Halafu mchungaji, mtu mzima, angerudije kwake kwa miguu na mvua ile? Akapelekwa. Mkewe naye alikuwa na mzigo.

Nilipotazama skrini ilikuwa thelathini na tisa. Komora akasema sasa ni afadhali tuchaji mpaka kesho, na mvua hii tusijitie mashakani. Nikahesabu kimoyomoyo. Malindi thelathini, alisema mwenyewe. Tungeweza kuondoka saa ileile. Nilikuwa na maneno mdomoni. Mama mkwe alikuwa ananipangusa jasho na leso yake, kwa mapenzi kabisa, na nikayameza.

Jioni stima imepotea, giza tupu. Garsen nzima. Wanasema nguzo zimeanguka.

Simu ya leo imetoka Hola, katikati ya Madogo na sisi. Maji yamepita nyumba ya mjomba.

Jumamosi, 15 Novemba

Stima hakuna. Mji mzima simu zimezima. Watu wamekumbuka kuna gari lenye umeme kwetu.

Wamekuja na waya zao. Majirani, mwalimu mkuu, mama wa chapati, imamu wa msikiti wa nyuma. Mto unakuja na kila mtu anataka kuongea na ndugu zake. Utamkatalia nani? Komora anapenda kukubali. Amekaa mbele kama bwana harusi, milango wazi, baridi inatoka nje inawapoza hata kuku. Bibi ameletwa kutoka Kulesa kwa sababu ya maji, na amelazwa kiti cha nyuma. Anasema nyumbani ni joto.

Nilimwambia Jilo. Nilimwambia kwa sauti ya chini, chumbani, kwamba sisi tunagawa safari yangu kwa vijiko. Akasema simu hazili kitu. Akasema nisiaibishe kaka yake.

Mchana Komora alikodi jenereta la kijana mmoja wa muziki wa harusi. Likanguruma, likatoa moshi, likanywa petroli debe zima. Gari likakataa. Taa nyekundu, basi. Lisilotumia petroli halikutaka umeme wa petroli. Ningecheka ningekuwa mtu mwingine.

Nimemtuma mtoto wa jirani kwa Omari. Omari hayupo. Amekodishwa na watu wanaohama, yuko upande wa Witu, hawezi kurudi.

Jumapili, 16 Novemba

Nesi amekuja mwenyewe, sketi imelowa hadi magotini. Gari la wagonjwa limekwenda kuokoa watu vijijini. Mabasi hayajapita tangu jana. Alipoona watu wamejaa na waya zao alipandwa na hasira, akazing'oa moja baada ya nyingine na kuzitupa kwenye mchanga. "Huyu mama anaweza kufa," alimwambia Komora. "Unanielewa?"

Hata Bibi alishuka.

Asilimia ishirini na saba.

Komora amebonyeza skrini muda mrefu. Amesema skrini inasema tutafika. Giza linaingia, kwa hiyo tutatoka alfajiri, twende polepole, baridi imezimwa. Amesema hivyo bila kunitazama. Ni mara ya kwanza kumwona hivyo, na hofu yangu imepata mwenzake. Afadhali angeendelea kujigamba.

Maji yamefika shamba la mpunga. Hayana kelele. Unageuka, unakuta yamesogea.

Jumatatu, 17 Novemba

Ndani ya gari. Naandika ili nisitazame skrini.

Tumetoka kulipokucha. Komora, Jilo, mama mkwe, mimi nyuma. Pale pahali pa chini maji yalishavuka barabara. Malori yamepanga foleni, moja moja linapita. Tumengoja sana. Kioo kilijaa mvuke, Komora hakuona mbele, ikabidi awashe hewa. Ishirini. Tukavuka, maji yakigonga sakafu chini ya miguu yangu. Nililia kwa furaha.

Sasa kumi na mbili. Upepo unatupiga usoni. Malindi bado. Skrini iliyosema tutafika sasa inatuambia tutafute mahali pa kuchaji, na inaonyesha ramani. Ramani ni nyeupe tupu, mstari mmoja wa barabara na sisi juu yake.

Tisa.

Gari lingekuwa na mlio angalau ningesikia kitu.

Sita. Limepunguza mwendo lenyewe. Komora anakanyaga na halisikii.

Kuna unyevu. Nadhani ni jasho. Sitaki kutazama.

Ijumaa, 21 Novemba

Malindi. Wodini. Nimepewa kalamu na mgonjwa wa kitanda cha pili.

Haikuwa jasho.

Gari lilisimama peke yake, pembeni, kwa adabu. Vichaka pande zote, mvua. Jilo alitoka na kupunga shati barabarani. Damu ilishuka bila maumivu yoyote, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Ilipoingia kwenye kiti cheupe mama mkwe alimwomba Komora radhi kwa ajili ya kiti. Sijui kama anakumbuka. Mimi nimekumbuka kila siku humu. Komora alivua koti lake akaliweka chini yangu, analia, anasema kiti si kitu mama, kiti si kitu. Nampenda kwa hilo. Namchukia pia. Yote mawili yapo.

Aliyesimama ni dereva wa lori la mbuzi kutoka Bangale, lililotangulia mbele ya maji. Alisema nyuma yake barabara ya Hola imeshafungwa. Hakuuliza mengi. "Mama panda. Nyinyi shika yeye, shika vizuri." Wakanipandisha mbele. Mbuzi walilia njia nzima nyuma ya kichwa changu, na lile lori lilipiga kelele kama linavunjika, na kila lilipobadilisha gia nilishukuru. Nakumbuka harufu ya dizeli. Sikumbuki kufika.

Mtoto ni wa kike. Yuko hai. Yuko kwenye chumba chenye mashine za joto, bado sijamwona.

Damu haikukatika. Daktari aliniambia leo, Jilo akiwa amesimama karibu. Walilazimika kukitoa kizazi. Alieleza vizuri, taratibu. Nilimwambia asante. Mimi huyu, kila kitu asante.

Nilitaka watoto wanne. Niliwahi hata kuwapa majina.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua imekatika. Buya anasema Madogo maji yanarudi mtoni. Kwetu bado yako uani. Friza limeelea mpaka kwa jirani.

Leo nimeruhusiwa kumshika. Amekuwa mzito kidogo. Wanamlisha maziwa yangu kwa mpira mwembamba, nami nakamua kikombeni kila baada ya muda, kazi ya polepole. Ana paji la uso la Bibi wa Kulesa, limekunjamana kwa malalamiko.

Mchana wamekuja wote. Jilo, mama mkwe, Komora na matunda mfuko mzima. Gari lilivutwa, limechajiwa, limeoshwa, kiti kimebadilishwa. Liko nje. Komora alisema nikiruhusiwa atanirudisha nalo mwenyewe, limejaa hadi mia. Kisha akaongeza kuwa kwa mtoto wa pili atanichukua mapema, mwezi mzima kabla, nikae kwake Mombasa. Mama mkwe akasema amina. Akasema wa pili atakuwa wa kiume.

Nilimtazama Jilo. Alikuwa anatazama matunda. Hakuwa amewaambia.

"Hakuna wa pili, shemeji," nikasema. "Walikitoa kizazi."

Sikuinua sauti. Komora alibaki na chungwa mkononi, nusu ameshalimenya. Mama mkwe aliketi ukingoni mwa kitanda, akaivuta leso yake kichwani, akaishusha tena. Hakuna aliyeniambia nyamaza. Hakuna aliyesema ni mapenzi ya Mungu, na kwa hilo niliwashukuru, ila sikusema asante.

Waliondoka kabla ya muda wa kutembelea wagonjwa kwisha. Nilikwenda dirishani, nimeshika mshono. Gari lilitoka getini na sikusikia kitu.

Nesi ameniita. Ni saa ya maziwa.