Kovu la Apiyo

Rangwe, Jumanne

Bado sihisi kitu. Mchora tatuu pale Homa Bay aliponiuliza, "Tunaweka wapi, siste?" nilimwonyesha tu kifundo cha mkono wa kushoto, kama mtu anayeelekeza mgeni sokoni.

Apiyo, pacha wangu, alikuwa na kovu hapo. Mafuta ya samaki yalimchoma tukiwa darasa la nne, na watu wakaanza kututofautisha kwa hilo. Tangu tumzike, hakuna anayehitaji kututofautisha.

Mchoraji aliweka alama kwa kalamu tu, akasema nikalale nayo kwanza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa Mama. Ni Msabato, nilijua ataniambia mwili ni hekalu. Lakini alinishika mkono, akautazama. Kisha akasema, "Adongo, nyathina, mwanangu, ya Apiyo ilikuwa mkono wa kulia."

Kinachoniudhi ni kwamba amesema kweli. Miaka yote hiyo nilimwona Apiyo akiwa amenikabili, kulia kwake kukiwa kushoto kwangu.

Sikulia. Nilichukua sabuni nikafute, nikapita mbele ya kioo, nikainua mkono.

Mle ndani ya kioo, alama iko mahali pake.

Sabuni nimeirudisha. Kesho nitamwambia mchoraji ni kushoto.