Rangi Niliyompaka Mama

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko uliko? Baridi imelegea kidogo, au bado mnalala na soksi? Shemeji mguu wake umepona? Na yule kitinda mimba wako, Spika, bado anawajibia wenzake darasani hata wasipomwomba? Nawawaza sana, hasa jioni nikianika nguo, maana ndiyo saa tuliyozoea kupiga soga mimi na wewe.

Sisi huku hatujambo. Kaka yako mgongo unamsumbua asubuhi, ukishapata moto anausahau mpaka kesho yake. Mimi kile kikohozi kimekwisha, na sababu nitakueleza. Mama ni mzima, tena mchangamfu kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu. Hilo nimelitanguliza ili moyo utulie, mengine uyasome kwa kituo.

Ujumbe wako ulinifikia. Uliuliza swali moja tu: “Wifi, mnamchubua mama yangu?” Sikukasirika. Ukiletewa picha ya mikono ya mama yako imefungwa bendeji, na jirani akaongeza chumvi yake kuhusu dawa za saluni, lazima uulize. Nilitaka kukupigia simu, nikaona itakatika katikati tubaki na nusu habari, na nusu habari ndiyo iliyotufikisha hapa.

Kwanza, si mkorogo. Mkorogo unaondoa rangi, mimi kazi yangu pale saluni ni kuiongeza. Wateja wetu wengi ni watu weupe wanaotaka kuonekana wamekaa juani bila kukaa juani, kwa sababu jua linawaunguza na wengine limeshawaletea maradhi ya ngozi. Dawa yenyewe ina aina ya sukari inayogeuza rangi ile safu ya juu kabisa, iliyokwisha kufa, kama tunda lililomenywa linavyogeuka kahawia likisahauliwa mezani. Ngozi ikipukutika, rangi inaondoka nayo. Kwa kawaida haizidi wiki moja.

Sasa nije kwa mama. Ulipoondoka, mbalanga ilikuwa doa moja jeupe kidoleni, kama kifungo cha shati. Tangu hapo imepanda mikono yote miwili mpaka vifundoni, na imemzunguka mdomo. Haiumi wala haiambukizi, daktari wa ngozi alishatuambia. Lakini ushonaji wake ni kazi ya kugusa watu. Siku moja mke wa muuza viatu alikuja kupimwa gauni. Mama alipomzungushia tepu, yule bibi alivuta mkono wake kama aliyegusa pasi, akasema ameona bora anunue la dukani. Mama alimsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote. Kuanzia siku hiyo hakupima mtu tena. Ikawa anapunguza suruali anazoletewa na kaka yako kutoka kazini kwake, wenye suruali hawamwoni, naye hawaoni. Akitoka nje anavaa glavu, hata kwenye joto la kuyeyusha mshumaa.

Hatukukuandikia hayo kwa sababu yeye alikataza. Alisema una yako ya kutosha.

Kazi yangu alikuwa akiifanyia mzaha siku zote. Akiulizwa mkwe wake anafanya nini, hujibu kwamba anapaka watu rangi kama kuta. Basi siku moja tunaosha vyombo, hanitazami usoni, akaniuliza, “Hiyo rangi yenu ya kuta, inashika juu ya nyeupe kama hii yangu?”

Wifi, niliiweka sahani chini. Nilimwambia tusikimbilie, twende kwanza kwa daktari wa ngozi. Tulikwenda. Daktari akasema si tiba, ni kifuniko tu, lakini hana pingamizi, ila nijaribu mahali padogo kwanza. Nikampaka tone moja ndani ya kifundo cha mkono, tukalala nalo. Hakuwashwa, hakuvimba. Shida ilikuwa rangi yenyewe, ilitoka kama karoti. Tulicheka mpaka kaka yako akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Nikawa naongeza kidogo kidogo kwa brashi, leo safu moja, keshokutwa nyingine, mpaka ikakaribia rangi yake. Nasema ikakaribia, kwa maana ngozi ya mama ni ya mama, haina kopo lake dukani.

Mikono niliimaliza nyumbani. Uso na shingo nilimpeleka saluni, kwa sababu brashi inaacha michirizi na mashine ya kupulizia haiachi. Hapo ndipo nikueleze habari ya kikohozi. Zamani tulikuwa tunapulizia kwenye stoo isiyo na dirisha. Ule ukungu unafaa kwenye ngozi tu, haufai machoni, mdomoni wala mapafuni, na mimi nilikuwa nauvuta kutwa. Nilipomwambia bosi, alinuna kidogo kama kawaida yake, halafu akatuhamishia chumba cha mbele, akafunga feni ya kutoa hewa nje na kuninunulia barakoa nzuri. Bosi wangu ni mkali, lakini ukimweleza anasikia.

Basi nikamvalisha mama miwani ya kukinga macho, nikamziba pua kwa vile vizibo vyetu, nikampaka mafuta mazito midomoni, nikamwambia nikianza abane pumzi. Nimeinua mashine, akanyoosha mkono kunisimamisha.

“Mkwe wangu, umenifunika macho, umeniziba pua, sasa unataka kunipulizia dawa. Mimi ni mende?”

Bosi alicheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi yake, alipokwisha kuoga, alisimama mbele ya kioo cha barazani muda mrefu. Mimi nilijifanya natafuta viatu. Alichukua kikapu akaenda sokoni bila glavu, na aliporudi alikuwa ananung’unika kuhusu bei ya vitunguu kama mtu yeyote. Wifi, nilifurahi kusikia manung’uniko yale kuliko ungeniimbia wimbo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilikuwa nimemwambia kwamba rangi hii si mwavuli, haizuii jua hata chembe, na yale mabaka chini yake hayana kinga ya kuzaliwa. Nilimwekea mafuta ya kuzuia jua karibu na mswaki. Aliitikia vile anavyoitikia matangazo ya redioni. Siku moja mimi niko kazini, akatoa kiti chake roshani, kwenye mwanga mzuri, akakaa kushona vifungo vya makoti kutoka asubuhi mpaka jua la utosi. Niliporudi, chini ya ule ukahawia mikono ilikuwa myekundu, na kwenye maungo ya vidole kumetoka malengelenge.

Kaka yako alimpeleka zahanati. Njia nzima hakunisemesha, na kunyamaza kwake unakujua, heri angefoka. Muuguzi alimsafisha, akampaka dawa, akamfunga. Hiyo ndiyo picha uliyoletewa. Aliyekuletea hakukosea kuhusu bendeji, alikosea kuhusu kilichounguza.

Sitakuficha, niliogopa. Niliogopa kwamba wewe na kaka yako mtaniona mtu niliyeingia nyumbani mwenu nikamchezea mama yenu. Na zaidi niliogopa kwamba mama atarudi kwenye glavu zake na safari hii hatazivua. Tulipokaa mezani, kaka yako anakula huku anaitazama sahani, mama akaweka kijiko chini.

“Mwanangu, mkeo usimnunie. Jua ndilo lililoniunguza, na mimi ndiye niliyelikalia. Aliniambia, nikadhani ni maneno ya wateja wake.”

Kaka yako aliitikia kwa kichwa, akanisogezea jagi la maji. Kwake yeye, hiyo ni hotuba nzima.

Daktari alituagiza tusipake rangi yoyote mpaka ngozi ijifunge yenyewe. Tukangoja. Ngozi ikachubuka, rangi yangu yote ikaenda nayo, mabaka yakarudi vilevile, ila yana wekundu wa ngozi mpya. Mimi nilikuwa namchungulia kila asubuhi kama mtu anayechungulia chungu kisichochemka.

Kumbe yule muuguzi, siku anabadilisha bendeji, alimuuliza mama ni wa kazi gani. Mama akasema alikuwa fundi cherehani. Muuguzi akasema sare zake zinambana mabegani, hawezi hata kunyanyua mgonjwa vizuri, na je, akija nyumbani atamtazamia? Mama akajibu, aje. Nadhani alijibu kabla hajajisikia.

Siku ya miadi ilipofika, mikono ilikuwa imepona kabisa na daktari alisharuhusu. Nikatayarisha kibakuli na brashi mapema. Mama akakitazama kile kibakuli.

“Leo acha,” akasema. “Huyu ameiona mikono hii ilipokuwa mibaya kuliko hivi.”

Alimpima muuguzi kwa mikono yake ilivyo, mabega, kifua, kiuno, anaita vipimo na mimi naandika. Muuguzi alilalamikia mabega yake, akalalamikia zamu za zahanati, akanywa chai, akaondoka. Hakuna kilichotokea, wifi. Nilikaa nikingoja kitu kitokee na hakikutokea. Sasa wenzake wawili wameleta sare zao, na cherehani inalia mpaka jirani wa chini amegonga dari.

Rangi hajaiacha. Jumamosi akienda kwaya hunipa mikono yake nimpake, kama wengine wanavyopaka rangi ya mdomo. Siku nyingine hataki, anatoka hivyo hivyo. Mafuta ya jua ndiyo hakosi tena, na kiti cha roshani tumekihamishia kivulini. Nikimpulizia usoni bado ananiuliza kama ni siku ya mende.

Limebaki moja, na hili si langu, mimi naandika tu. Mama anasema ile siku tulipozungumza kwa video, kabla ya haya ya bendeji, mkono wako wa kulia ulikuwa chini ya meza muda wote. Chai ulinywea kushoto, na wewe si wa kushoto. Nilimwambia pengine ulikuwa umemshika mtoto. Akaniambia nisimfundishe kumjua mwanawe, akanitaka niandike maneno yake bila kuyapamba:

“Mwanangu, kama imeanza na kwako, usinifiche mimi. Mkono huo nimeuzaa mimi.”

Mimi sikuulizi. Ukitaka kuniambia, nipo, na usipotaka, bado nipo.

Kaka yako anakusalimu, anasema umwambie shemeji aache kumtumia vichekesho kuhusu mgongo wake. Shangazi wa ghorofa ya chini anakusalimu pia, na binamu yako dereva atapita kwako mwezi ujao na sweta ambalo mama amemshonea Spika upya viwiko. Mbusu huyo Spika kwa niaba yetu, na shemeji mwambie tunamwombea mguu wake.

Mungu akulindie nyumba yako, akuamshe salama kila siku, na atukutanishe tukiwa na nguvu za kucheka.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama tumbo moja,

Mke wa kaka yako.