Karatasi ya Watakaorudi

Jumatatu, 3 Machi
Moraa ametapika dawa. Nimempa tena. Leo tunatoka wodini. Sista amekuja na karatasi ya maswali, ya kujua ni mtoto gani ataugua tena arudishwe. Ukipata alama nyingi, mhudumu wa afya wa kijiji anakufuata nyumbani. Nilimtaka huyo mhudumu. Mama mkwe akajibu yeye. Moshi? Hakuna, tunapika na gesi. Mtungi wenyewe uko sebuleni, wa wageni kuona. Mbali na barabara? Ni hapo tu. Mtoto amewahi kufa kwa kifua hapo nyumbani? Hapana. Nikaendelea kufunga nguo za Moraa. Alama sufuri.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna aliyekuja. Nyumba yetu haina bati bado, kwa hivyo mimi na Moraa tunalala jikoni kwa Mama mkwe. Kuni mbichi. Nimemwomba apike nje. "Nimelea saba kwa moshi huu. Wewe umelea nani?"

Jumapili, 9 Machi
Mbavu zinaingia ndani akipumua. Boda mpaka hospitali. Nimonia tena. Sista ameshangaa, karatasi ilisema huyu harudi. Namchukia Mama mkwe. Nimeandika na sifuti.

Jumamosi, 15 Machi
Tumeruhusiwa. Akina mama wa kanisa wamekuja kutuona baada ya ibada ya Sabato, wamejaa kando ya kitanda. Sista alikuja tena na ile karatasi, akataka kutuuliza pembeni. Nikamwambia hapa hapa.

Mama akaanza, "Sisi tunatumia ge..."

"Hiyo gesi haijawahi kuwashwa, Mama."

Nikajibu yote. Kuni. Tunalala humo humo. Barabarani ni saa nzima kwa miguu. Lile swali la mwisho nililingojea. Nikasema kati ya wale saba, wawili walikufa kwa kifua. Mume wangu aliniambia, na akaniambia halitajwi. Wanawake wakaangalia sakafu. Mama akatoka nje.

Nilisikia raha. Raha kabisa.

Jumatano, 26 Machi
Mhudumu amekuja mara ya tano. Amehesabu pumzi za Moraa, amesema ziko sawa. Ananenepa, huyu mtoto wangu. Nikimtekenya anacheka bila kukohoa.

Mama haongei na mimi. Anapika nje, mvua inampiga mgongoni. Anachochea moto huku akitaja majina mawili, polepole, kama anaita watu waje kula. Sijawahi kuyasikia hapa nyumbani.

Mwavuli uko hapa kando yangu. Bado sijainuka.