Tulimwagilia Maua, Wageni Wakaenda

Leo ni Jumatano. Jua ilitoka asubuhi ikiwa kali tayari, kama mtu ameamka na kisirani. Wingu hakuna, ata ya kudanganya. Nimeketi nje ya jikoni na simu karibu na mdomo, naongea, na binti yangu Kavutha anasikiza na kuandika akiwa kwake Kitui. Mimi sikusoma. Baba alisema msichana akienda shule, mbuzi zitachungwa na nani? Haya, mbuzi zilichungwa, zikaliwa, baba mwenyewe akaenda, na mimi bado sijui kusoma. Lakini hiyo si maneno ya leo.

Leo roho yangu imechoka.

Kavutha, usitoe kitu. Ata nikikohoa, wacha.

Wacha nianze na maji, ndio mtu hajui kwetu aelewe. Sisi hatuna mfereji. Maji yetu inakaa ndani ya mchanga ya mto. Mvua ikiisha, juu inakauka, lakini chini mchanga inaficha maji vile mama anaficha unga ya kesho. Unachimba, unangoja, inakuja pole pole, safi kabisa. Zamani ata mtoto angechimba na mkono apate.

Halafu wageni wa misheni wakaja. Wakasema watatujengea kanisa, wao walete saruji na mabati, sisi tulete mchanga na mawe. Tulifurahi, wewe! Tukafanya mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana, akina mama wote, mchanga kwa mgongo na wimbo kwa mdomo. Na barabara ikachongwa mpaka mtoni ndio lori ya kanisa ishuke. Kanisa ikaisha. Ni nzuri, siwezi kusema uongo, ukiimba ndani sauti inakurudia. Lakini lori zingine zikaona ile barabara. Za watu wa kuuza mchanga. Zikabeba. Chifu akaongea, zikabeba. Sasa mto yetu ni mawe, imebaki mchanga kidogo tu kwa kona moja.

Hapo kwa kona ndio mimi na Mbithe tunachota. Mbithe ni jirani, rika ya Kavutha, bwana yake anafanya kibarua Mombasa. Huu upande wetu tumebaki mimi na yeye na watoto wake, wengine wamehama. Shimo imeenda chini mpaka Mbithe anaingia yote, kichwa huioni. Anachota na kikombe, mimi niko juu napokea. Peke yangu siwezi. Haya magoti ikiingia huko ndani, itanizikia huko.

Na Mbithe, ananiita Mwaitu, yaani mama, alikuwa ameniambia bila kuzunguka: "Mwaitu, nangoja hao wageni. Wakikubali kutusaidia na maji, nakaa. Wakikataa, nabeba watoto naenda kwa dada yangu Makindu."

Kwa hivyo leo ndio ilikuwa siku. Wageni walikuwa wanakuja kuona kanisa yao. Sisi tulikuwa tumepanga kuomba kitu moja: saruji ya kujenga ukuta kukata mto, mchanga irudi ijikusanye. Makueni wamejenga kuta kama hizo na mchanga ikarudi. Mawe tutabeba, mikono ni yetu. Akina mama wakanichagua niongee, wakasema mdomo yangu haijawahi kuugua.

Sasa sikia vile tulijiharibia.

Kwetu mgeni hawezi kuja apate vumbi. Haiwezekani. Utajificha wapi? Tangu pasta atangaze, kila mama alikuwa analeta maji kanisani, kila siku. Yale maua kwa mlango ya kanisa ilikuwa imekufa. Tukainywesha asubuhi, tukainywesha jioni, ikaamka, ikatoa ya rangi nyekundu. Nyumbani ng'ombe yangu inaniangalia na ndoo, nageuza uso. Leo tukanyunyiza uwanja yote ndio mgeni asikanyage vumbi. Tukajaza pipa ya kunawa mpaka ikamwagika. Watoto wakaoshwa, wakapakwa mafuta, wakang'aa. Chai, vikombe mpaka juu, maana kikombe nusu ni matusi.

Mkubwa ya hao wageni ni mama mzee kama mimi, nywele nyeupe yote. Tulimpa jina Mumbua, jina ya mtoto wa mvua, kwa sababu siku alikuja mara ya kwanza ilinyesha. Leo akashuka kwa gari akasimama hapo tu, mkono kwa kifua, anaangalia maua. Mimi nikafikiria, sawa, amefurahi, ni wakati mzuri ya kuomba.

Nikaongea. Nikasema mto, nikasema lori, nikasema shimo na Mbithe akiwa ndani. Pasta akageuza kwa Kizungu. Mumbua akanishika mkono. Mikono yake ni laini, lakini alinishika na nguvu. Akasema maneno, pasta akaangalia chini kwanza, halafu ndio akatuambia.

Ati amesikia. Ati anatupenda sana. Lakini leo asubuhi wakikuja, wamepita mahali watoto na ng'ombe wanakunywa dimbwi moja. Saruji iko ya mahali pamoja tu, na wameamua iende huko. Ati hapa angalau Mungu ameshatukumbuka, ata tunayo maji ya maua.

Ya maua.

Neno ilikuwa kwa ulimi. Ningesema, Mumbua, hiyo maji ni ile tungekunywa. Hiyo umenawa nayo, Mbithe alitoa kwa shimo na kikombe. Lakini utamwambia mgeni hivyo aje, na kikombe yako iko kwa mkono yake? Ni kama kumwambia chakula ameshameza ilikuwa ya mtoto. Nikaangalia akina mama. Wote wameangalia viatu.

Mdomo yenye haijawahi kuugua ikasema asante.

Halafu mtu akaanza wimbo, na sisi, vile tulivyo, tukaitikia. Tukamvalisha kikapu yetu ya kiondo shingoni. Nikacheza! Na haya magoti! Mumbua analia kwa furaha, mimi nalia pia, na yeye anafikiria tunalia kitu moja.

Gari ikaenda. Vumbi haikutoka, uwanja ilikuwa bado imelowa.

Mbithe ndio alianza kucheka, ile cheko mbaya. "Mwaitu, si ni wewe ulisema maua ikipata maji itapendeza?"

"Na wewe je? Nani alimwaga ndoo mbili kwa njia kama anaosha lami ya Nairobi?"

"Ni mimi. Na watoto wangu nikawapaka mafuta mpaka nzi wanateleza."

"Basi tungewaacha na makamasi."

"Tungewaacha na makamasi," akasema, na akaacha kucheka. "Mwaitu, nitaenda kesho."

Sikumwambia akae. Ningemwambia akae na nini?

Mimi sichukii Mumbua. Nimejaribu, imekataa. Aliona na macho yake, na ile kitu aliona ni sisi tulimwonyesha. Ningekuwa mimi kwa hiyo gari, ningepeleka saruji kule kwa dimbwi. Na hao watoto wa huko pia ni watoto. Ndio hii inaniuma, sina mtu wa kukasirikia.

Nilirudi ndani ya kanisa kuchukua leso yangu, hakukuwa na mtu. Nikasema, Mungu, wewe si mgeni. Wewe uliona hii mahali kabla hatujafagia. Sauti yangu ndio ilinirudia.

Saa hii nasikia Mbithe akifunga vitu. Sufuria ndani ya sufuria. Kuku zake amezifunga miguu zinalalamika. Mtoto wake mdogo, mimi ni susu yake, nyanya, amekuja ameniuliza, "Susu, huko Makindu kuna wewe?" Nikamwambia nenda ukasaidie mama yako, usinisumbue na maswali.

Nimeangalia pipa yangu. Nimeifunika tena. Ng'ombe nitaongea na yule mnunuzi wa Migwani, anipatie anachotaka.

Kavutha, najua unafikiria nini hapo ukiandika. Mara ngapi umeniambia nihamie kwako, na mimi nikakuambia nitatoka hapa nikiwa nimebebwa? Baba yako amelala hapo nyuma ya boma, na mimi nilikuwa nimeshachagua mahali yangu kando yake. Bado sijasema nakuja. Usiandike nimesema nakuja.

Nauliza tu. Hiyo chumba yako ya nyuma, iko na dirisha?