Kadi ya Mkuu na Mbio za Mita Mia

Jumatatu, 3 Juni
Kamera mpya imefika stoo, nimeipokea mimi. Mkuu wa shule anataka iwe mwamuzi wa mbio za Jumamosi, maana mwaka jana waamuzi wawili kila mmoja alimpa ushindi mtoto wake. Itapiga picha mfululizo pale kwenye mstari wa mwisho. Wazo zuri. Sikulitegemea kutoka ofisi ile.

Wasichana wawili wa kwanza mita mia wanakwenda kambi ya taifa. Mpwa wangu yumo fainali. Kwa hiyo nami nina kesi.

Jumanne, 4 Juni
Nimesoma kijitabu cha kamera chote, hata onyo la kutoitia mdomoni. Kadi yake ya kuhifadhia picha iwe na alama ya V30, yaani inayoandika haraka. Kadi ya polepole inazidiwa na picha, kamera inasimama kuisubiri. Nikamweleza Mkuu. Suala limepelekwa kamati.

Watu saba. Kadi yenyewe ukubwa wa kucha.

Jumatano, 5 Juni
Kamati imechagua: kadi kubwa kuliko zote dukani, GB 512, pakiti imeandikwa 150 kwa wino wa dhahabu. Nikasema, Mkuu, hiyo 150 ni kasi ya kusoma, ya kutoa picha. Ya kuandika ni hii ndogo, ndani ya herufi C: kumi, na sisi tunataka thelathini.

Akanitazama kama mende aliyetoka kwenye faili.

“Bwana Stoo, wewe unataka thelathini. Nimekuletea mia tano na kumi na mbili. Lalamiko liko wapi?”

Kamati ikacheka. Mwalimu wa michezo alicheka kuliko wote — barua yake ya kupandishwa cheo iko mezani kwa Mkuu.

Alhamisi, 6 Juni
Jaribio. Mpwa akakimbia, nikabonyeza. Tatatatata — halafu kimya, taa nyekundu. Mtoto kashavuka mstari, kamera bado inatafuna. Kwenye picha anakimbia vizuri mpaka hatua tatu kabla ya mwisho. Baada ya hapo, nyasi.

“Kwa hiyo, Mjomba, mimi sijafika?”

Hujafika, mama.

Akacheka. Kidogo.

Nikamwonyesha mwalimu wa michezo. Ushauri wake: binti akimbie haraka zaidi, kamera isichoke.

Ijumaa, 7 Juni
Kadi ya V30 ipo! Tena hapahapa shuleni. Imo kwenye kamera ndogo ya gari la Mkuu, dereva wake ndiye aliyenionyesha. Kadi ya kasi namna ile, kazi yake kurekodi foleni.

Nikamwomba Mkuu tubadilishane kwa siku moja tu.

“Na nikigongwa kesho, ushahidi utautoa wewe?”

Kesho gari litakuwa limeegeshwa, Mkuu, siku nzima.

“Ndivyo watu wanavyogongwa.”

Basi nimemsihi mwalimu wa michezo, maana kesho kamera anaishika yeye: usibonyeze tangu mwanzo, ngoja wabakize hatua tano. Kaniahidi. Kwa kidole gumba.

Jumamosi, 8 Juni, uwanjani
Wa kwanza hana ubishi, kawaacha mbali. Wa pili ni mpwa wangu au msichana wa njia ya sita. Walivuka vifua sambamba.

Mwalimu wa michezo alibonyeza tangu filimbi. Mkuu alitaka picha za kalenda. Nilisikia kamera ikinyamaza. Kabla ya mstari au baada yake? Hakuna ajuaye. Taa nyekundu inawaka na kuzima, picha zinaingia kwenye kadi moja moja, kama wazee wanaopanda ngazi. Kijitabu kinasema: ukiitoa kadi taa ikiwaka, picha zinapotea.

“Itoe twende kwenye kompyuta,” Mkuu anasema. “Mgeni rasmi ana safari.”

Taa bado, Mkuu.

“Mkuu wa shule hii ni mimi au taa?”

Mpwa amekaa kwenye nyasi, viatu mkononi, hamtazami mtu.

“Mjomba, leo nimefika?”

Naandika nyuma ya orodha ya wakimbiaji, kwa mkono mmoja. Wa pili umefunika kifuniko cha kadi na hautoki. Taa bado inawaka. Mkuu ameita kamati. Naiona inakuja, wote saba.