Taa ya Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Taa imeungua! Si ile ndogo ya kijani ya nje. Ile kubwa ya ndani, inayoua vijidudu maji yakipita. Ya kijani nayo ikazimika, ndivyo nilivyoziunga mwenyewe: ya ndani ikifa, ya nje inazimika, watu wasichote. Mpya mpaka iagizwe. Na keshokutwa daktari wa zahanati analeta wageni kuuona mtambo wangu wa kusafisha maji. Mkosi gani huu!

Mke wangu anasema niwaambie tu ukweli. Rahisi kusema. Si yeye aliyechekwa na mtaa mzima nilipokuwa naunda hili dude kwa mapipa na mchanga.

Jumatano, 5 Machi

Nimeunga ya kijani moja kwa moja kwenye betri. Kwa ajili ya wageni tu — wakiondoka, naichomoa.

Wamekuja, wamepiga picha. Daktari kasema tangu mtambo uanze, wagonjwa wa kuhara wamepungua. Makofi! Mimi nachekacheka kama bwege.

Walipogeuza gari tu — foleni. Ndoo, madumu, hadi majagi. Wameona kijani! Ningeanzia wapi kuwaambia, makofi yenyewe hayajapoa? Nikafungua bomba.

Alhamisi, 6 Machi

Sijaichomoa.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji, mdogo wake mke wangu, kampeleka bintiye zahanati. Anahara, anatapika, macho yameingia ndani. Mke wangu kaniangalia tu, kachukua khanga yake, kaenda kumuuguza. Heri angenitukana.

Labda ni chakula. Labda! Mjinga mimi, namdanganya nani humu? Naona aibu hata kunawa uso.

Kesho asubuhi naichomoa. Nawaambia wote.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoka na bisibisi. Wamenitangulia, foleni imefika kwa fundi viatu. Wa kwanza kabisa shemeji, na dumu, nguo zile zile za jana. Anasema mke wangu kabaki na mtoto, na muuguzi kakataza maji yoyote ila ya kwangu. Kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ananishukuru! Mimi!

Wa nyuma wananipigia kelele: fundi, vipi, kijani si hiyo inawaka?

Nikamwambia, shemeji, ngoja kidogo, nafuata koleo. Koleo la nini? Bisibisi ninayo mkononi. Nimekaa kitandani, naandika. Bomba halina kufuli. Nje nasikia maji — dumu linajaa.